Omuse Anashuka kwa Lifti

“Mtoe kondoo wako kwenye mlango wa hoteli yangu,” nilimwambia Paulinus. “Wateja wanaruka kinyesi kuja kula.”

“Mama Tracy, punguza sauti. Watu wanasikia.”

“Nipunguze kwa nini? Mwaka jana ulipotufungia geti ulipunguza sauti? Ulipomwambia mlinzi wako Brayo atumwagie maji kwa mpira wa kuoshea magari, ulinong’ona?”

Alitazama nyuma yake. Foleni ya malori ya kuingia Uganda ilikuwa imefika mbele ya hoteli yangu, na madereva na matanboi, wasaidizi wao wa safari, walikuwa wamejaa kwenye viti wakingoja chapati. Hakuna aliyekuwa akila. Chai zilikuwa zinapoa.

“Nilikosea,” alisema. “Ndiyo maana nimekuja na kondoo wa kuomba msamaha. Nimekuja na gari yangu pia. Mchukueni leo, asubuhi hii, mambo yaishe.”

“Tumchukue nani?”

“Si unajua.”

“Mtaje.”

Alipangusa uso kwa leso. “Yule fundi.”

“Fundi wa nani? Polisi uliwaambia hakuwa fundi wako. Ukasema hata hujui alifikaje huko juu. Mtu usiyemjua anakusumbua vipi, boss?”

Dereva mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. “Mama, huyo amekwama! Mwongeze!”

Sikuhitaji kuambiwa.

Omuse alikuwa mume wangu na alikuwa mchomeleaji. Paulinus alipomaliza kujenga ghorofa saba pale Busia mjini, jengo refu kuliko yote upande wetu wa mpaka, alipatana na Benki ya Kilele: benki ichukue ghorofa za chini, na jengo lichukue jina la benki. Kilele Bank Towers. Mgeni anaweza kudhani jina ni pambo tu. Mawakala wa forodha walilipa kodi ya ghorofa za juu kwa sababu ya jina hilo. Tajiri aliyeko Kampala akimpigia wakala wake na kuambiwa “niko Kilele Bank, ghorofa ya tano”, anatulia, anajua mzigo wake uko mikononi mwa watu wakubwa. Akiambiwa “niko nyuma ya soko” hatulii. Paulinus alianza kuuza jina kabla benki haijaleta hata kiti.

Herufi za jina hilo zilitengenezwa hapa Malaba, katika uwanja wetu. Omuse alikata mabati, akakunja, akachomelea, na mimi nikashika upande wa pili. Kila herufi ilikuwa ndefu kumshinda Tracy, binti yetu. Siku ya kuzipandisha, Paulinus aliwakataza mafundi kutumia lifti, eti watakwaruza vioo. Wakazibeba kwa ngazi za nyuma. Omuse aliomba mkanda wa kujifunga akiwa ukingoni. Paulinus akasema kazi ya siku moja haina haja ya mkanda. Omuse aliziweka zote, akabakisha ile ya kwanza, K, iliyokaa kwenye kona juu ya barabara. Alikuwa ameikumbatia akikaza bolti alipoteleza. K ilibaki. Yeye akaenda.

Kwetu mtu akifa njiani au kazini, watu wake huenda mahali pale kumchukua. Humwita kwa jina. Huokota kitu cha pale, jiwe au tawi la mti, na safari nzima ya kurudi humweleza njia: hapa ni daraja, hapa tunakata kushoto. Garini huachiwa kiti. Asipochukuliwa hubaki palepale, akiendelea na kazi aliyokuwa akiifanya. Mimi nina diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, na sikufundishwa roho hupandaje gari. Lakini kufungiwa geti nakuelewa vizuri sana. Tulipokwenda baada ya mazishi, watu wazima wenye nguo za kanisani, tulifungiwa geti tukamwagiwa maji mbele ya mji mzima. Mama mkwe wangu, Mama Auma, alirudi nyumbani Amukura akiwa amelowa hadi kwenye viatu. Pale Omuse alipoangukia Paulinus akaweka vigae vipya, na juu ya vigae nyungu kubwa ya maua.

Sikwenda kortini. Nilifanya jambo ambalo Paulinus hakulifikiria. Kila dereva aliyekaa kwangu kula, nilimpa chapati, nikampa na habari. “Unaenda Busia? Ukiona jengo lenye jina la benki, huko juu yuko mume wangu, bado anakaza bolti.” Basi. Madereva wana njia ndefu na hawana la kuongea. Habari ilifika Mombasa kabla ya kitunguu kuoza. Ilivuka mpaka. Ghorofa ya saba ilihamwa kwanza, halafu ya sita. Brayo, mlinzi, akaanza kusema husikia nyundo upepo ukivuma. Mawakala wakaanza kuwaambia matajiri wao wako “karibu na stendi”.

Nilifurahi. Siwezi kusema vinginevyo.

“Benki wanakuja leo,” Paulinus alisema, sasa akininong’oneza usoni. “Saa nne. Wakubwa kutoka Nairobi, kuweka sahihi na kuchukua funguo. Wakiondoka hivihivi, mimi nimekwisha. Na huyo meneja waliyempa tawi, Sharlyne, ni mtu wa Budalang’i, anazijua mila hizi. Amewaambia hafungui mlango mpaka marehemu achukuliwe. Amewaambia wakubwa wake, unasikia? Nimewaambia ni uvumi wa maadui.”

“Uvumi wa maadui.”

“Nitasema nini, Mama Tracy? Nisaidie. Mpite nyuma, dakika kidogo tu, mmwite, muende.”

“Sikusaidii. Omuse anapenda hewa ya huko juu. Mwache akae.”

Madereva wakapiga meza kwa vikombe. Paulinus alishika kiti kilichokuwa karibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Hilo pia lilinifurahisha. Nilikuwa nageuka nirudi jikoni nilipokuta mlango umezibwa.

Mama Auma alikuwa amesimama pale, kisu cha kumenyea viazi mkononi. Tangu mavuno alikuwa akikaa kwangu kwa ajili ya dawa za magoti.

“Mama, kaa chini,” nikamwambia. “Nimemaliza na huyu.”

“Umemaliza na huyu. Na mimi?”

“Mama, huyu alikumwagia maji.”

“Maji yalikauka.” Hakupaza sauti. “Gentrix, mimi sikuwahi kukuuliza. Kila siku nakusikia unawaambia watu wa malori mtoto wangu yuko huko juu. Unaposema hivyo unacheka. Mimi nikilala namwona yuko kwenye upepo. Nikifa kabla hajarudi, baba yake akiniuliza nimemwacha wapi, nimjibu nini? Nimjibu yuko Busia, anatumika kumkomoa tajiri?”

Yule dereva aliyecheka aliangalia sahani yake.

Nilisimama nikiwa na taulo la jikoni begani. Mwaka mzima nilidhani fimbo yangu inampiga Paulinus peke yake.

“Unataka achukuliwe?” nikamuuliza.

“Nataka mtoto wangu.”

“Leo?”

“Gari si hiyo hapo nje?”

Nikamgeukia Paulinus. “Tunakuja.”

Karibu anikumbatie. “Asante, mama. Mungu akubariki. Ni saa moja tu sasa, tutakuwa tumemaliza kabla—”

“Mama Auma lazima aoge kwanza.”

“Aoge, aoge.”

“Na avae. Na anywe chai, hawezi kumeza dawa bila chai. Halafu tumngoje Ilukor.”

Ilukor ni mdogo wake Omuse, tanboi wa lori la saruji, na lori lake lilikuwa mbali kwenye foleni. Nilituma mtu amwite, na nikamwambia yule mtu asikimbie. Paulinus alikaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia saa yake. Nilimkaanga pale taratibu kama kitunguu. Mama Auma aliponiambia nichukue mfuko wa kazi wa Omuse, ili akituona atujue, nilikwenda nikautafuta chini ya kitanda, na nilijua uko wapi, ila niliutafuta sana.

Tulipoondoka jua lilikuwa kali. Kondoo tulimrudisha kwenye buti ya Prado ya Paulinus. Mama Auma alikaa nyuma nami, mfuko wa Omuse mapajani mwake, na mbele alikaa Ilukor. Paulinus aliendesha kama mtu anayempeleka mke kujifungua. Tulipita Adungosi, tukapita Alupe, kondoo akilalamika kila tuta.

“Shemeji,” Ilukor aligeuka, “huyu kondoo ana mdomo kama spika.”

“Mwache. Yeye peke yake ndiye hajadanganya humu ndani.”

Paulinus alikaza macho barabarani.

Jengo utaliona kabla hujaingia mjini. Herufi za Omuse zilikuwa juu, nyekundu, zimenyooka. Aliwahi kuniambia siku moja atanipeleka Busia jioni nizione zikiwaka taa. Nilitazama chini.

Brayo alifungua geti akavua kofia. “Mathe, pole,” aliniambia. “Ile siku ya maji, niliambiwa tu. Nilikuwa natafuta unga.”

“Najua ulikuwa unatafuta unga. Shika kondoo.”

Paulinus alikuwa ameshatangulia mpaka kwenye ile nyungu ya maua kando ya mlango wa vioo. Aliichimba kwa vidole vyake mwenyewe, akainuka na kiganja cha udongo mweusi. “Ni hapa,” alisema. “Hapa ndipo. Chukueni udongo huu, mwiteni hapahapa, mmalize.”

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kinywa chake kikikiri mahali. Mama Auma hakuutazama ule udongo.

“Hapo ni pa maumivu,” alisema. “Hatumchukui mtu kwenye maumivu. Tunamchukua pale miguu yake ilisimama mwisho.”

“Ni juu kwenye paa, mama. Ghorofa saba.”

“Basi twende juu.”

Tulipanda kwa ngazi za nyuma, zilezile alizobebea herufi. Ukutani kulikuwa bado na mikwaruzo ya bati. Mama Auma alipumzika kila ghorofa, na mimi sikumharakisha. Paulinus alikuwa akishuka na kupanda, akichungulia dirishani na kurudi. Ghorofa ya sita ilikuwa tupu, milango wazi, na kalenda ya wakala fulani ikipepea peke yake.

Juu kulikuwa na upepo. Upande mmoja uliona paa za soko, upande mwingine malori ya Uganda yakimeta kwa jua. Jina lilisimama ukingoni likitupa mgongo, limeshikwa na vyuma. Mama Auma alitembea polepole mpaka karibu na kona, akavua viatu.

“Omuse,” aliita. “Omuse wa Amukura. Mama yako yuko hapa. Mke wako yuko hapa. Ilukor yuko hapa. Wacha kazi. Twende nyumbani.”

Nilidhani nitasimama tu kama mtu aliyekuja kusindikiza. Lakini aliposema wacha kazi, niliondoka kando ya tangi la maji nikamwita pamoja naye.

“Sasa tuchukue kitu cha hapa,” Mama Auma alisema.

Tukaangalia chini. Saruji. Hapakuwa na jiwe, tawi wala jani lililopeperuka.

“Udongo ninao!” Paulinus alikuwa bado amefumba kiganja. “Nimepanda nao. Chukueni huu.”

“Mtoto wangu hakushika maua,” Mama Auma alimwambia. “Tunachukua kile mkono wake ulishika mwisho.”

Aliposema hivyo alikuwa akitazama sakafu, akifikiria. Mimi nilikuwa nimeshainua macho. Ilukor naye. Kisha Paulinus akageuka kuona tunatazama nini, na udongo ukamtoka mkononi.

“Hapana,” alisema.

K ilikuwa mbele yetu, imeegemea anga.

“Hapana. Mama Tracy. Hiyo hapana. Chukua kingine chochote. Chukua bolti! Chukua bolti moja.”

“Bolti zilimaliziwa kukazwa na mtu uliyemleta baadaye,” nilimwambia. “Omuse alikufa akiikumbatia hii.”

“Wageni wanafika saa hii! Jina ndilo wanakuja kuona! Watakuta limekatika?”

Wakati huohuo tulisikia honi getini. Nilichungulia. Magari mawili meupe yalikuwa yanaingia, na Brayo alikuwa amesimama katikati na kondoo wetu, hajui amwachie nani.

Paulinus alipiga magoti. Sisemi kwa kutia chumvi. Suti yake ya rangi ya majivu iligusa saruji. “Ngojeni waende. Saa moja tu. Halafu nitaing’oa mwenyewe, nitawaletea Amukura kwa lori. Naapa.”

Nilimtazama Mama Auma. Kama angesema tungoje, ningengoja. Alikuwa anavaa viatu.

“Nimeshamwita,” alisema. “Akishaitwa hangojeshwi.”

Nikafungua mfuko wa Omuse. Mlikuwa na spana zake na ile kamba aliyovutia herufi. Kamba nilimfunga Ilukor kiunoni, nikazungusha mara mbili kwenye chuma cha tangi, nikaukaza mwisho wake kiunoni mwangu.

“Shemeji, umenibana kama mbuzi wa mnada,” Ilukor alisema.

“Mimi si Paulinus. Shuka kwenye ukingo, fungua ya chini kwanza.”

Bolti zilikuwa na kutu kidogo. Zilipiga kelele, moja, nyingine, na sauti ilishuka mpaka chini maana niliona wale wageni wamesimama kando ya magari yao wakiinua nyuso. Paulinus alikwenda ukingoni akawapungia mkono kama anayesalimia. Bolti ya mwisho ilipoachia, K ililala mikononi mwa Ilukor, tukaivuta ndani pamoja. Ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ndani ni tupu. Kwa nyuma, kwenye rangi ya kwanza, palikuwa na alama ya kiganja changu, ya siku niliyoishika kabla haijakauka, Omuse akanigombeza.

Tukaibeba mpaka mlango wa ngazi.

“Ngazi za nyuma,” Paulinus alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha. “Kuna mlango wa nyuma. Tafadhali, mama. Wao watapita mbele, nyinyi mpite nyuma. Jina wamelikosa, basi. Lakini wasiwaone. Nitasema linafanyiwa matengenezo.”

Kile tulichokuja kukifanya kilikuwa kimefanyika. Ningeweza kumwachia hilo. Kulia ngazi za mikwaruzo, kushoto milango ya lifti inayong’aa, ile waliyokatazwa wasikwaruze vioo. Nilibonyeza kitufe.

“Omuse,” nikasema kwa sauti, kama inavyotakiwa, “tunaingia kwenye lifti.”

Milango ilifunguka. Tuliiingiza K kwa ubavu, na ilikwaruza kioo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama Auma akaingia, Ilukor akaingia, mimi nikaingia. Paulinus alitaka kuingia.

“Hakuna nafasi,” nilimwambia, nikionyesha pembe tuliyoiacha wazi. “Hapo amesimama Omuse. Wewe pita ngazi za mafundi.”

Nilimsikia akikimbia. Lifti ilishuka bila haraka.

“Ghorofa ya sita, Omuse,” Mama Auma alikuwa akimwambia. “Ya tano. Ya nne. Usiogope, inatikisika kidogo tu.”

Milango ilipofunguka chini, wageni walikuwa wamesimama mbele yetu: wanaume wawili wa suti, na mwanamke mnene mwenye beji ya benki, ambaye sikuhitaji kuambiwa ni Sharlyne. Paulinus alitokea mlango wa ngazi akihema, vumbi magotini.

“Hii ni nini?” mkubwa wao aliuliza, akitazama K. “Bwana Paulinus? Hii si ya jina letu?”

Sharlyne hakumngoja ajibu. Alinitazama mimi. “Dada, mnaye?”

“Tunaye.”

Akasogea pembeni, akawavuta wakubwa wake kwa mikono ya koti, mpaka njia ikawa pana ya kutosha watu wawili kupita sambamba.

“Kumbe ni kweli kuna mtu alikufa?” yule mkubwa aliuliza tena, na sauti yake haikuwa ya kucheka. “Ulituambia ni uvumi. Nani alikufa hapa?”

Nilisimama. Mama Auma akasimama. Tulikuwa na muda.

“Mwambie,” nikasema.

Paulinus aliangalia mlango wa vioo, akaangalia nyungu yake ya maua iliyochimbwa, kondoo akalia huko nje.

“Fundi wangu,” alisema. “Omuse. Alianguka kutoka juu. Sikumpa mkanda.”

Nilinyoosha mkono. Hakuelewa kwanza. Kisha akatoa ufunguo wa Prado akaniwekea kiganjani, na nikampa Ilukor.

“Omuse,” nikasema, “tunatoka kwa mlango wa mbele. Kuna ngazi tatu. Angalia mguu.”